Bwana Msa Ng'ambo ya Maji: Kuusoma Mfululizo wa Muhammed Said Abdulla katika Mombasa Bara

1. Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ina bahati ya namna yake katika fasihi ya Kiswahili: husomwa na wengi na kufundishwa na wachache. Aghalabu wahakiki huiweka katika kapu la fasihi pendwa, wakaisifu kwa kuwavuta vijana kwenye usomaji, kisha wakaiacha hapo na kuendelea na kazi wanazoziona nzito zaidi. Pale inapotajwa, hutajwa kitabu kimoja kimoja, kana kwamba kila kitabu kimezaliwa peke yake.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mfululizo mmoja mrefu wa riwaya hizo unavyoweza kusomwa kwa ukamilifu wake, yaani hadithi za Bwana Msa zilizotungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hoja yetu ni kwamba vitabu hivyo, vikisomwa kwa mpangilio wa kutoka kwake, vinamzoeza msomaji kuihamisha shaka yake. Shaka huanza kwa kuelekezwa mahali panapoogopwa, ikahamia kwa watu tunaowajua, na mwishowe ikamrudia yule yule mwenye kushuku.

Tumechagua kumzingatia msomaji wa Mombasa bara, yaani wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Sababu ni kwamba msomaji huyu anaishi karibu sana na ulimwengu wa Bwana Msa, na papo hapo yuko mbali nao. Anaijua mizimu, anajua maana ya kuulizwa "wewe ni mtoto wa nani?", lakini kila siku hukutana na watu ambao hapana jirani awezaye kuwataja baba zao. Katika ukaribu huo na umbali huo ndimo tunamoweza kuona riwaya hizi zinafanya kazi gani.

2. Mtungaji na mfululizo wake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Tangu 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Alifariki mwaka 1991. Si jambo dogo kwamba mtu aliyekuja kuunda mpelelezi mashuhuri wa Kiswahili alianza maisha yake ya kazi kwa ukaguzi. Mkaguzi wa afya hutumwa kuangalia kile ambacho wenye nyumba wamekwisha kukizoea hata hawakioni tena.

Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda katika mashindano ya utungaji ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968. Hapo mwendo ukaongezeka: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Baada ya kimya cha miaka 8 kikatoka Kosa la Bwana Msa (1984). Hivyo tuna vitabu 7 katika muda wa miaka 24. Inafaa kukumbuka kwamba vile vinne vya miaka ya 1970 vilichapwa Nairobi na East African Publishing House. Kwa hiyo Bwana Msa, ijapokuwa ni Muunguja, aliingia Kenya kwa mlango wa mbele.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha udugu wa Bwana Msa na Sherlock Holmes. Kiko chake, utulivu wake, na rafiki yake Najum aulizaye yale ambayo msomaji angependa kuuliza, vyote vinamkumbusha mtu yule Mwingereza na daktari wake, Watson. Udugu huo hatuukatai. Lakini Holmes ni mpelelezi wa jiji la London, ambamo mteja asiyejulikana hugonga mlango. Bwana Msa hufanya kazi miongoni mwa watu wanaosalimiana kila siku. Kwa sababu hiyo tunaona yafaa alinganishwe pia na tawi jingine la upelelezi, lile la kijiji.

3. Kijiji kama uwanja wa upelelezi

Mfano ujulikanao sana wa tawi hilo ni hadithi za Agatha Christie zinazomhusu bibi mzee aitwaye Miss Marple, wa kijiji cha kubuni cha St. Mary Mead. Riwaya zake ni 12, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1930 na ya mwisho ikichapwa mwaka 1976, mwaka ule ule wa Mwana wa Yungi Hulewa. Bibi huyu hana cheo wala silaha. Elimu yake ni kuwajua majirani, na kila tukio jipya hulipima kwa mwenendo wa mtu fulani aliyewahi kumwona kijijini kwake.

Upelelezi wa kijiji una kanuni tatu ambazo msomaji wa mfululizo hujifunza pole pole. Ya kwanza ni kwamba watuhumiwa ni wachache na wote wanajuana. Kwa hiyo hatuulizi tu nani aliweza kutenda. Twauliza nani alikuwa na jambo na nani. Ya pili ni kwamba siri kubwa huwa ni ya nasaba, ndoa au urithi, maana hayo ndiyo mambo yanayowafunga watu wa mahali pamoja. Ya tatu ni kwamba mgeni hushukiwa mwanzo, lakini mara chache huwa ndiye mkosa. Mkosa hutoka ndani. Wahenga wetu waliyasema haya kwa maneno machache: kikulacho ki nguoni mwako.

Tukimweka Bwana Msa kando ya Willy Gamba wa Elvis Musiba, tofauti huonekana wazi. Willy Gamba ni mjumbe wa dola. Huvuka mipaka, huchukua silaha, na adui yake ni kundi la maadui wa taifa. Hadithi yake yahitaji nafasi kubwa. Bwana Msa huhitaji baraza, kiko, na watu walio tayari kuzungumza zaidi ya walivyokusudia. Inspekta Seif, rafiki yake wa polisi, ndiye mwenye mamlaka ya kukamata. Bwana Msa ana mamlaka ya kuuliza tu.

4. Majina ya vitabu na mwendo wa shaka

Hebu sasa tuyatazame majina ya vitabu kwa utaratibu wa miaka. Mawili ya kwanza ni majina ya mahali: mzimu na kisima. Tena si mahali pa kawaida. Mzimu ni mahali ambapo watu huweka nadhiri na kuogopa. Giningi ni jina ambalo katika masimulizi ya Waunguja na Wapemba hutajwa pamoja na mikutano ya wachawi. Msomaji ashikapo vitabu hivi huwa amekwisha kuogopa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Jina la tatu, Duniani Kuna Watu, lahama kabisa. Hapana mzimu wala kisima, pana watu. Twaweza kulichukua jina hili kuwa ni jibu kwa yale mawili ya mwanzo, kana kwamba mtungaji anatuambia: mlipokuwa mkitazama kisimani, mliwasahau binadamu waliosimama ukingoni. Siri ya Sifuri yaendelea na njia hiyo, maana siri ni kitu ambacho mtu humficha mtu. Kisha yanakuja mawili ya nyumbani: mke, waume, mwana. Na la mwisho lamgeukia mpelelezi mwenyewe, kwa kumhusisha na neno ambalo kwa vitabu vyote vilivyotangulia lilikuwa la wengine, yaani kosa.

Hatudai kwamba mtungaji alipanga mwendo huu tangu 1960. Mfululizo hukua kama mti, na mwenye kuupanda hajui matawi yake yote. Lakini msomaji anayevipokea vitabu 7 kwa pamoja ana haki ya kuuona mwendo huo, na akiuona hawezi kukisoma kitabu cha kwanza kama alivyokisoma mara ya kwanza. Hapo ndipo kitabu kimoja kimoja kinapotupunja. Mwanafunzi aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale peke yake huweza kuamini kuwa somo ni "usiogope mizimu". Aliyefika mwisho ataona kuwa somo ni gumu zaidi: chunguza kwanza ni nani anayefaidika na hofu yako, kisha uichunguze na hakika yako mwenyewe.

5. Msomaji wa Mombasa bara

Sasa na tuuvushe mfululizo huu maji mawili: kutoka Unguja mpaka Mombasa, kisha kutoka Kisiwani mpaka bara. Sehemu tatu tulizozitaja hazifanani, na kila moja inaijaribu kanuni mojawapo ya upelelezi wa kijiji.

Tuanze Kisauni, na kanuni ya siri ya nasaba. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha hapo makao ya Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wengi wao walifika wangali watoto, wakapewa majina ya ubatizo, na ukoo wao ukabaki huko walikotekwa. Katika ulimwengu wa Bwana Msa, mtu asiyesema alikotoka huamsha shaka. Lakini msomaji aliyekulia karibu na Kengeleni anajua kwamba kuna kunyamaza kusiko na hatia. Mtu anaweza kuficha nasaba yake kwa sababu alinyang'anywa, si kwa sababu ameiba. Hapa Kisauni inamfundisha msomaji kumsahihisha mpelelezi: si kila siri ni ushahidi.

Likoni inatupeleka kwenye mizimu. Ukishavuka kwa feri na kuiacha barabara kuu, unaingia katika vijiji na mitaa inayopakana na Kwale, kama Kisauni inavyopakana na Kilifi upande wa kaskazini. Katika nchi hizo za Mijikenda, misitu ya kaya ni mahali patakatifu, na mwaka 2008 misitu kadhaa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Basi msomaji wa Likoni hatakubali kirahisi mafunzo ya kudharau kila panapoheshimiwa na wazee. Wala Bwana Msa hahitaji dharau hiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya kupaheshimu mahali na kupatumia mahali hapo kufichia tendo la mkono wa mtu.

Tofauti hiyo si jambo la darasani tu. Katika karne hii ya sasa, wazee wengi wa Kilifi na Kwale wameuawa baada ya kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi chini ya tuhuma hizo pameonekana ugomvi wa shamba na urithi. Mzee mwenye mvi na ardhi huitwa mchawi. Akishakufa, ardhi ina wa kuigawanya. Sheria ya uchawi tuliyorithi kwa wakoloni ilitungwa mwaka 1925, na karibu miaka 100 baadaye mauaji hayo yangali yakitokea. Tukio kama hilo lina umbo lile lile la riwaya ya Bwana Msa: pana kifo, pana jina la kutisha lililotandazwa juu ya kifo, na pana mtu anayefaidika watu wakiridhika na jina hilo. Msomaji aliyezoezwa na mfululizo huu hataridhika. Atauliza: nani alikuwa wa kwanza kulitamka neno "mchawi", na shamba limekwenda kwa nani?

Changamwe nayo inazijaribu kanuni mbili zilizosalia: kwamba watu wote wanajuana, na kwamba mkosa hutoka ndani. Jina lake ni la kale, maana Wachangamwe ni mojawapo ya mataifa matatu yaitwayo Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Lakini Changamwe ya karne ya 20 ilijengwa na reli, bandari na viwanda. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963, na kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013, kilikuwa kimoja tu kati ya mambo yaliyowaleta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Katika nyumba za kupanga, majirani hujuana kwa kazi na kwa zamu, wala si kwa babu. Pakitokea wizi, macho yote huelekea kwa aliyehamia mwezi uliopita.

Je, mpelelezi wa kijiji ana la kusema hapo? Twaona analo. Mbinu yake ya kutambua ukoo haitafaa sana, lakini onyo lake kuhusu mgeni lafaa zaidi huko kuliko kijijini. Kijijini mgeni ni mmoja. Changamwe karibu kila mtu ni mgeni wa mwingine, na kwa hiyo kila mtu anaweza kutuhumiwa kwa kosa hilo moja la kutojulikana. Msomaji aliyekwisha kuona, kitabu baada ya kitabu, kwamba mkosa alikuwa mtu wa karibu, atakuwa mzito wa kuokota jiwe pale sauti ya "mwizi!" inapopigwa barabarani.

6. Lugha kama dalili

Jambo la pili linalomkuta msomaji wa Mombasa ni lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ndio ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa kando. Hivyo, kwa mzaha wa historia, mwanafunzi wa Changamwe ambaye lugha ya kwao ni Kikamba, Kitaita au Kijaluo huenda akakiona Kiswahili cha Bwana Msa kuwa karibu na kile cha shuleni, ilhali mzee wa Mtongwe au Jomvu, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, akakiona cha ugenini kidogo.

Tofauti zenyewe zajulikana. Mmvita husema "ndia" kwa njia, "nti" kwa nchi, "mato" kwa macho, "mtele" kwa mchele. Akimwita mtoto kwa kusema "ndoo", Muunguja asiyeizoea lahaja hiyo huweza kudhani anaagiza chombo cha kutekea maji. Mwalimu wa lugha huyaona haya kuwa ni matamko tu. Msomaji wa riwaya ya upelelezi huyaona kuwa ni dalili, kwa kuwa neno moja hutosha kumtoa mtu alikojificha. Katika hadithi za namna hii, mazungumzo hayawekwi kwa kupamba tu. Mtu hujifichua kwa namna anavyoamkia, anavyomtaja asiyekuwapo, na anavyokwepa kulijibu swali aliloulizwa akajibu lingine.

Kwa sababu hiyo mfululizo wa Bwana Msa ni hazina kwa mwalimu wa isimu na wa fasihi pamoja. Zoezi rahisi ni kuwapa wanafunzi mazungumzo ya kurasa mbili tatu, wakaombwa waeleze cheo, umri na udugu wa wasemaji kwa kutazama maneno ya heshima peke yake. Kisha waandike mazungumzo hayo hayo kama yangesemwa Likoni. Hapo wataona ni dalili zipi zimepotea na ni zipi mpya zimeingia.

7. Pingamizi

Haitakuwa haki kuufunga mjadala bila kutaja pingamizi kubwa. Ulimwengu wa Bwana Msa ni, kwa kiasi kikubwa, ule wa Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, hata katika vitabu vilivyochapwa baada yake. Mwenye shamba ni mwenye shamba, mtumishi ni mtumishi, na fumbo likisha kufumbuliwa kila mtu hurejea mahali pake. Linganisha na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978), ambamo mpangilio huo wenyewe ndio uliowekwa kizimbani. Mhakiki anaweza kuuliza: mpelelezi huyu amtafutaye mkosa mmoja haachi kuuona mkosa mkubwa zaidi, yaani mfumo?

Twakubali kwamba anauacha. Msomaji wa Mombasa bara, ambako suala la maskwota na hati za ardhi limeendelea tangu ukoloni, hawezi kutosheka na jibu lililomo katika jina la mtu mmoja. Lakini kosa hilo si sababu ya kumtupa Bwana Msa. Ni sababu ya kumsoma pamoja na wengine. Riwaya za kijamii hutueleza kwa nini ardhi haigawanyiki kwa haki. Riwaya ya upelelezi hutuuliza, katika usiku fulani na kijiji fulani, nani alishika panga. Mauaji ya mzee aliyeitwa mchawi yahitaji maswali yote mawili. Likijibiwa la kwanza peke yake, muuaji huponea nyuma ya historia. Likijibiwa la pili peke yake, atazaliwa muuaji mwingine.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi za Bwana Msa zina faida zaidi zikisomwa kama mfululizo, na kwamba mahali pa msomaji pana sehemu katika usomaji huo. Kisauni imetuonya tusiichukue kila siri kuwa hatia. Likoni imetutaka tutenganishe heshima ya mahali na ujanja wa watu. Changamwe imetukumbusha kwamba kutojulikana si kosa. Maonyo hayo hayamo yote katika vitabu. Yanatokea pale kitabu cha Unguja kinapofunguliwa upande wa pili wa maji.

Kwetu sisi walimu lipo jambo moja la kutenda. Tunapoteua vitabu vya kozi, tusiteue kimoja cha Abdulla kwa kujaza nafasi ya "fasihi pendwa". Na tuteue angalau vitatu: kimoja cha mahali, kimoja cha watu, na kile cha kosa. Mwanafunzi atakayevisoma kwa utaratibu huo, kisha akarudi kijijini kwao wakati ambapo bibi wa jirani ameanza kunong'onewa, atakuwa amekwisha kuzoea kuuliza swali kabla ya kutoa hukumu.